MSITUFUNZE GIZA, TUFUNGULIENI GETI



Karatasi hii imeandikwa kwa sababu ya karatasi nyingine. Hiyo nyingine imebandikwa kwenye ubao wa yadi moja ya makontena huku kwetu ng'ambo ya Makupa, si mbali na njia ya kuingilia Jomvu Kuu. Jina la yadi hatulitaji, maana shauri lingali mezani baina ya chama na mwenye kazi, wala hatutaki kuambiwa kwamba sisi ndio tuliovunja mazungumzo. Mwenye masikio amekwisha jua ni wapi.

Kisa chenyewe ni kifupi. Yadi ile ina geti moja tu. Ikifika saa mbili usiku geti hufungwa kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo hupelekwa ofisini, upande wa pili kabisa wa yadi, kwa kuwa, wasema, zamani mali iliibwa. Ukuta una urefu wa watu wawili na juu yake kuna seng'enge. Ndani hubaki watu wa zamu ya usiku, thelathini na zaidi, wakipakua magodoro, mapipa ya rangi, mafuta ya mitambo na vitu vingine ambavyo hata mtoto ajua kwamba vyapenda moto. Usiku mmoja wa mvua nyaya za foklifti zikashika moto. Moshi ukatanda. Watu wakakimbilia geti wakalikuta kama lilivyo kila usiku. Mwenye ufunguo akatafutwa. Dakika zile hakuna aliyezihesabu, lakini hakuna atakayezisahau. Moto ulizimwa kwa mchanga na kwa mitungi miwili. Mtungi wa tatu ulikuwa mtupu. Kijana mmoja aliyejaribu kuparamia ukuta alichanwa paja na seng'enge akashonwa hospitali. Hakufa mtu.

Tukapeleka madai yetu. Geti la pili. Ufunguo ukae getini. Taa za kuonyesha njia ya kutokea. Mazoezi ya kutoka, kwa zamu ya mchana na ya usiku. Hatukuomba nyongeza ya shilingi hata moja.

Jawabu ndilo hilo lililobandikwa. Lasema kwamba usalama ni utiifu. Lasema kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili watu wa Mombasa waliambiwa wazime taa, wakazima, hawakuuliza maswali, na mji ukasalimika. Lasema kwamba watu wa siku hizi wamezoea kubishana. Kwa hiyo wafanya kazi wafuate amri kumi na nne zilizoandikwa hapo chini, na habari ya geti iachwe kwa wakubwa.

Amri hizo kumi na nne tumezisoma moja moja. Usivute sigara. Usikimbie. Usipige kelele. Usiguse swichi. Vaa viatu vya kazi. Nyingine ni nzuri, na chama hakizipingi. Lakini katika zote kumi na nne hakuna hata moja inayomwamuru mwenye yadi kufanya jambo lolote.

Basi kwa kuwa bwana ametutolea historia, na sisi tumjibu kwa historia.

Babu yangu alikuwa mtu wa Jomvu Kuu, na miaka ile ya vita alikuwa kuli Kilindini. Tulipokuwa watoto alitusimulia habari za giza lile mara nyingi, maana lilimkera mpaka uzee wake. Alisema koroboi ilifunikwa kwa kopo, na mwanga wa jiko ukazibwa kwa makuti. Waliozoea kuvua usiku kwa karabai katika hori letu walirudi mapema, au hawakwenda kabisa. Yeye mwenyewe alitoka kazini akavuka Makupa kwa miguu, akiutafuta ukingo wa njia kwa fimbo, na malori ya jeshi yakimpita na taa zilizozibwa, hujui liko mbali au liko mgongoni. Siku moja nikamwuliza: Na ndege zingekuja, babu, mngekimbilia wapi? Akacheka. Akasema, "Mjukuu wangu, hilo hatukuambiwa. Tuliambiwa tuzime taa."

Nimelikumbuka neno lake niliposimama mbele ya ubao ule.

Sasa tutazame kama ni kweli kwamba mji uliokolewa na utiifu. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na wakati huo Waitaliano walikuwa wameishika Somalia na Uhabeshi, majirani zetu. Ndege zao zilikuja. Zilipiga Wajir, na mwaka huo huo zikatupa mabomu Malindi, kama kilomita 120 tu kutoka hapa. Kwa hiyo hofu ya Mombasa haikuwa ya kubuni, na mtu asije akasema kwamba chama kinawacheka wazee. Lakini mwezi Februari 1941 majeshi yaliyotoka Kenya yaliingia Kismayu, kisha Mogadishu. Katika majeshi hayo walikuwamo Waafrika wa King's African Rifles, na wenzao waliotoka Nigeria na Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Viwanja vya ndege vya Waitaliano vilivyokuwa karibu nasi vikatekwa. Aliyeliondoa bomu la Mtaliano juu ya mapaa ya Mombasa ni yule askari aliyetembea na bunduki yake katika jua la Jubaland, na mshahara wake mnajua ulikuwaje ukiulinganisha na wa Mzungu aliyetembea naye.

Hofu ya pili ilikuwa ya Mjapani, nayo ilikuwa kubwa zaidi. Tarehe 5 Aprili 1942, siku ya Pasaka, ndege zilizoruka kutoka manowari tano za kubeba ndege ziliipiga Colombo, katika Ceylon ya wakati ule. Manowari za Waingereza katika bahari yetu, chini ya Admirali Somerville, zikakosa maskani salama, na Kilindini ikawa maskani. Hata wale mabingwa wa kusikiliza redio za Wajapani na kufumbua siri zao waliletwa Mombasa wakawekwa katika shule ya Allidina Visram. Mwisho wa Mei nyambizi ndogo za Wajapani ziliingia bandari ya Diego Suarez, Madagaska, zikaijeruhi manowari Ramillies. Juni na Julai meli zaidi ya ishirini zilizamishwa katika mlango wa bahari wa Msumbiji. Kilindini ilikuwa na kila sababu ya kutolala.

Kwa nini zile manowari tano hazikuja? Zilirudi Pasifiki, na mwezi Juni 1942, katika vita vya Midway, tatu kati ya hizo tano zilizama. Hiyo ndiyo sababu. Koroboi ya babu yangu haikuwa na sehemu katika shauri hilo, ijapokuwa aliifunika kila usiku kama alivyoambiwa.

Hapa nataka kuwa mwadilifu, maana tukisema uwongo tutakuwa hatuna tofauti na ubao ule. Giza lina kazi yake. Mabaharia wanajua. Mwanzo wa mwaka 1942 nyambizi za Wajerumani zilikuja mpaka pwani ya Marekani. Miji ya kule ilikuwa ikiwaka taa usiku kucha, na meli ya mafuta iliyopita baina ya nyambizi na mji ilionekana kama kivuli cha mtu mlangoni. Ikapigwa. Wakaungua mabaharia mbele ya macho ya watu waliokaa ufukweni. Serikali iliposema taa zizimwe, ni nani waliokataa? Huko Florida wenye mahoteli na wenye biashara walilalamika kwamba msimu wa wageni utaharibika! Siku hiyo hapakuwa na bwana aliyesema usalama ni utiifu. Amri ilipomgusa yeye mfukoni, aliuliza maswali mengi sana.

Kwa hiyo hatusemi kwamba tahadhari ni upuzi. Twauliza ni nani anayeamrishwa, na ni nani anayegharimika.

Tuvuke sasa twende Uingereza kwenyewe, maana amri hizi za giza zilipikwa huko kabla ya kuletwa katika makoloni. Giza lilianza huko tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla ya Uingereza kutangaza vita. Madirisha yakafunikwa kwa kitambaa cheusi, taa za barabarani zikazimwa, taa za magari zikazibwa. Mwezi ule wa kwanza, kabla bomu lolote halijaanguka London, waliokufa barabarani walikuwa karibu mara mbili ya waliokufa Septemba ya mwaka uliotangulia. Waligongwa na magari wasiyoyaona. Wilfred Trotter, mpasuaji wa Mfalme, aliandika katika gazeti la madaktari kwamba Wajerumani wangeweza kuua Waingereza 600 kila mwezi bila kurusha ndege hata moja. Huyo hakuwa mtu wa chama cha wafanya kazi, wala hakuwa mchochezi. Alihesabu maiti tu.

Ndipo mabomu yakaja kweli, Septemba 1940, na yakaanguka zaidi upande wa mashariki wa London, penye gati za meli na nyumba za makuli. Watu kama sisi, ila rangi. Matajiri walikuwa na mahandaki chini ya mahoteli yao. Maskini walikuwa na vibanda vya matofali mtaani, vingine vikiwa vimejengwa vibaya hata vikawaangukia. Chini ya mji palikuwa na vituo vya reli vya ardhini, virefu kwenda chini, mahali ambapo watu waliona pana salama zaidi. Serikali ikasema hapana, vituo si mahandaki, watu wasishuke kulala. Watu walifanya nini? Walikata tikiti ya bei ndogo, wakashuka, wakakataa kutoka. Usiku wa tarehe 14 Septemba 1940 kundi la watu wa Stepney, pamoja na wanawake na watoto, wakiongozwa na diwani wao Phil Piratin, waliingia katika hoteli ya Savoy wakadai kukaa katika handaki la wageni matajiri, wakakaa. Baada ya siku chache serikali ikaacha kuwazuia watu wasiingie vituoni. Baadaye zikawekwa huko chini vitanda, vyoo, na chai.

Bwana aliyeandika jawabu letu hakuisoma sehemu hii. Au aliisoma akaona heri aipite. Vitu vile vilivyookoa watu London, handaki, kitanda, choo, chai, vilipatikana kwa sababu watu waliuliza maswali na wakakataa kuondoka.

Liko jambo moja la vita vile ambalo namwomba kila msomaji alisome mara mbili, na aliyelisoma amsomee mwenzake asiyejua kusoma. Ni habari ya kituo cha Bethnal Green.

Kituo hicho kilikuwa hakijamalizika kujengwa, kikafanywa handaki la maelfu ya watu. Kilikuwa na mlango mmoja tu. Kutoka mlangoni kulikuwa na vidato vya ngazi kumi na tisa, katikati hapana reli ya kushikilia, na juu yake taa moja hafifu, nayo imepakwa rangi ili isionekane nje, kwa ajili ya amri ya giza. Mwaka 1941 halmashauri ya mtaa ule iliona hatari. Ikawaandikia wakubwa wa London kuomba ruhusa na fedha za kuujenga upya mlango. Wakubwa wakakataa.

Jioni ya tarehe 3 Machi 1943 king'ora kililia. Watu wakaanza kushuka, kwa utaratibu, kama walivyofunzwa. Ndipo mizinga ya aina mpya ikafyatuliwa katika bustani iliyo karibu, kwa kishindo ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Walio nje wakadhani ni mabomu, wakasukuma. Chini kabisa ya ngazi mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto akaanguka. Aliyemfuata akamwangukia. Aliye nyuma hakuona, kwa kuwa palikuwa giza, akaendelea kushuka. Kwa muda mfupi ngazi ikajaa watu wamelaliana, hakuna wa kumvuta mwenzake. Walikufa 173, na katika hao 62 walikuwa watoto. Usiku ule Bethnal Green haikupigwa bomu lolote.

Serikali iliunda uchunguzi, na ripoti ikafichwa kwa muda mrefu. Watu wakawa wananong'ona kwamba wenyeji wa pale walikosa nidhamu, waliingiwa na wazimu. Zile barua za mwaka 1941 halmashauri ilikatazwa kuzitaja. Naye yule mhandisi aliyekuwa ameomba mlango alinyamaza huku akitupiwa lawama.

Mlango mmoja, taa hafifu, maombi yaliyokataliwa, kisha walaumiwe waliokufa. Sasa turudi Jomvu. Je, ndugu, hamwoni geti letu?

Bwana ataondoka na jawabu jingine: hayo ni ya vita, na ya Uingereza. Haya, tumletee ya karibu na ya amani. Mwezi Machi 2001, katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, moto uliwashwa usiku wavulana wakiwa wamelala. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Walikufa wanafunzi 67. Na kama anataka ya wafanya kazi, mwaka 1911 huko New York kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua na watu 146 wakafa, wengi wao wasichana wa kushona, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa. Sababu ya kuufunga mlango ule? Wenye kiwanda walihofia wizi.

Neno hilo la wizi ndilo kiini cha shauri, basi tulijibu waziwazi. Ni kweli mali huibwa yadini. Chama hakitetei mwizi, na mwanachama aliyeshikwa na mali ya watu hakupata wakili kutoka kwetu. Lakini kuna komeo linalofunguka kwa kusukumwa kutoka ndani wala halifunguki kutoka nje, na likisukumwa kengele hulia yadi nzima. Kuna kisanduku cha kioo ambacho ufunguo hukaa ndani yake, ukivunja kioo kila mtu ajua. Kuna askari wa kukaa getini usiku na ufunguo kiunoni. Askari huyo wanaye tayari! Wanamkalisha ofisini kulinda sefu. Hayo yote ni bei ndogo kuliko kontena moja la rangi. Aliye na hesabu na apige.

Na bado hatujafika kwenye sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mahali penye watu wa kazi ishirini au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye wajumbe wa mwenye kazi na wajumbe wa wafanya kazi. Yadi ile ina watu zaidi ya hao katika zamu ya usiku peke yake, na kamati haijawahi kukaa. Sheria yasema milango ya kutokea isifungwe kwa namna ambayo watu walio ndani hawawezi kuifungua upesi. Bwana akisema geti la yadi si mlango, na atuambie basi watu hutokea wapi. Kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka huo huo zataka mazoezi ya kutoka yafanywe angalau mara moja katika miezi kumi na miwili. Mimi nimefanya kazi za zamu huku kwetu miaka mingi na zoezi la usiku sijaliona. La mchana nimeliona mara moja, siku ya wageni, na tulipigwa picha. Sheria hiyo hiyo yampa mfanya kazi haki ya kutoa habari kwa msimamizi wake akiona hatari kubwa iliyo karibu, na mwenye kazi hana ruhusa ya kumrudisha mahali hapo mpaka hatari imeondolewa. Hayo si maneno ya chama. Yalipitishwa na Bunge la Kenya.

Nimebakiza neno moja la ubao, nalo ndilo lililoniudhi kuliko yote: kwamba wazee wetu hawakuuliza maswali.

Wazee gani? Julai na Agosti 1939, majuma machache kabla ya vita, wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na makuli wa Kilindini walikuwamo. Serikali ikalazimika kuunda tume ya Bwana Willan kuchunguza hali yao, na tume ikakuta jinsi watu walivyokuwa wakilala na kulipwa. Mwaka 1942, wakati Mjapani anaogopwa na mji uko gizani, watu wa reli waligoma kwa sababu bei za vitu zilipanda na mishahara ikakaa. Na jawabu la serikali mwaka huo lilikuwa nini? Kanuni za vita za kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi, hata katika mashamba ya watu binafsi. Bwana aliyepata watu wa shambani kwa amri ya vita hakuambiwa azime chochote. Vita vilipokwisha, taa zikawashwa, lakini mshahara ukabaki gizani. Tarehe 13 Januari 1947 mji mzima ukasimama: bandari, reli, mahoteli, watumishi wa majumbani, watu wapatao 15,000. Chama cha African Workers' Federation kikatokea hapo, na kiongozi wake Chege Kibachia akakamatwa mwaka huo huo akazuiliwa miaka kumi. Huyo naye hakuuliza maswali?

Babu yangu alizima taa. Na mwaka 1947 alikuwa Kiembeni kwenye mikutano, akiwa na watu wale wale aliovuka nao Makupa gizani. Mtu mmoja aweza kufanya yote mawili. Alizima taa kwa kuwa aliona sababu yake, manowari zilikuwa pale mbele ya macho yake. Akagoma kwa kuwa aliona sababu yake vile vile. Msimchukue mzee wa watu mkamfanya kiboko cha kumchapia mjukuu wake.

Sasa neno kwetu sisi, maana si haki kumsema jirani ukaficha ya nyumbani. Wako wenzetu wanaopanga makasha mbele ya mitungi ya kuzimia moto kwa kuwa ni karibu na foklifti. Wako wanaovuta sigara nyuma ya mapipa wakiona nyapara amegeuka. Na siku ile ya zoezi la picha, wengi wetu tulicheka, tukatembea kama tunakwenda harusini, mmoja akarudi kuchukua chakula chake. Nami nilikuwa katika waliocheka. Tukidai zoezi la usiku, tulifanye kwa kweli: kimya, kwa mstari, kila kundi na mtu wake wa kuhesabu. Na mitungi iachwe wazi kuanzia leo, hatuhitaji barua ya bwana kwa hilo.

Haya yahusu si yadi moja. Jomvu, Mikindani, Miritini na Changamwe twakaa baina ya barabara kuu, matangi, bomba la mafuta na mayadi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963 kikaacha kusafisha mwaka 2013, lakini matangi yangali pale na mafuta yangali ndani. Kila kituo cha kazi kina ukuta, na kila ukuta una geti. Wawakilishi wa chama katika kila yadi na wahesabu: mageti mangapi, yafungwa saa ngapi, ufunguo uko kwa nani, mitungi mingapi na mingapi mitupu, zoezi la mwisho lilikuwa lini. Andikeni kwa kalamu, msiseme kwa mdomo. Halmashauri ile ya Bethnal Green, hata iliponyimwa fedha na kunyamazishwa, barua zake zilikuwapo, na ndizo zilizowaumbua wakubwa baadaye.

Barua ya chama imekwenda kwa mwenye yadi, na nakala yake imekwenda kwa afisa wa serikali wa usalama kazini. Tumempa siku kumi na nne, siku moja kwa kila amri aliyotuandikia. Katika muda huo twadai jambo dogo ambalo halina ujenzi wala fundi: ufunguo utoke ofisini ukae getini, usiku wa leo, mkononi mwa askari.

Wanachama wa zamu ya usiku wataweka sahihi zao Jumamosi baada ya kazi, kwa mwakilishi wao. Asiyejua kuandika atie kidole. Yule kijana wa paja ametoka hospitali na atakuwapo, anachechemea kidogo.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa zamu, Jomvu Kuu.